Mngoni Wetu wa Meza ya Ukaguzi

Nimeombwa niwaandikie nyinyi vijana mnaosomea kusimamia uzalishaji, niwaeleze niliyojifunza katika miaka yangu ya karakana. Nimekubali kwa sharti moja: msitarajie michoro. Michoro niliwahi kuchora, tena kwa rangi tatu, nikaibandika ukutani, na haikushona hata kifungo kimoja. Nitawaambia makosa yangu, kwa sababu nayakumbuka vizuri kuliko mafanikio, na kwa sababu waliokuwapo bado wako hai na watanisuta nikijisifu.

Jina langu Rashidi, Mmwera wa Chinongwe. Kushona nilifundishwa na mjomba wangu, kisha nikaja Nachingwea na kuishia kuwa msimamizi wa karakana ya sare za shule, kazi niliyoifanya mpaka nilipostaafu juzijuzi. Karakana ilikuwa ya Hajati Mwanaidi, mama mkali mwenye huruma ambayo hapendi ijulikane. Tulikuwa mafundi kumi na mmoja, na wengi wetu tulilisha nyumba zetu kwa cherehani zile. Nataka hasa kuwasimulia wiki ile karakana ilipobakiza siku tatu kufungwa. Aliyeifikisha hapo ni mimi mwenyewe, nikiwa na nia safi kabisa na kalamu mbili mfukoni. Lakini hamtaelewa ubaya wa kosa langu kama hamjui kwanza kazi yenyewe ilivyokwenda, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Mwezi wangu wa kwanza katika usimamizi niliamini kwamba karakana nzuri ni ile ambayo hakuna mtu aliyekaa bure. Nikimwona fundi amenyoosha mgongo, nilikohoa. Nikimwona mkataji anapiga soga, nilimletea jora jingine la kitambaa. Watu wakakimbizana na kazi kweli kweli, cherehani zikawa zinalia kutwa nzima, na mimi nikawa natembea katikati nimefumbata mikono nyuma, nimeridhika.

Sasa, tulikuwa na cherehani tisa za kushonea, lakini mashine ya kutoboa matundu ya vifungo ilikuwa moja tu. Aliyeiendesha aliitwa Saidi, mtu mzima mwenye wake wawili na maneno ya mjini ambayo aliyaokota redioni. Mashati yote, yashonwe na yeyote, yalipita kwake. Baada ya wiki mbili za kukimbizana, mashati yasiyo na matundu yalijaa mbele yake mpaka tukawa tunamwona kofia tu. Kuku wa jirani akaona pale ni pazuri, akaingia akataga. Tuligundua mayai yakiwa manne.

Hajati aliingia siku hiyohiyo. Akatazama rundo, akamtazama kuku.

"Rashidi, hii ni karakana au banda?"

"Hajati, watu wanafanya kazi sana siku hizi."

"Naona. Leo yametoka mashati mangapi, yaliyokwisha kabisa?"

"Arobaini, Hajati."

"Na jana?"

"Arobaini."

"Na kabla hujaanza kuwakimbiza watu?"

Nilijikuna shingo. "Arobaini."

 Alichukua yale mayai manne, akayafunga kwenye mtandio, akaondoka. Nilikaa chini kwenye rundo lile nikaanza kufikiri kwa mara ya kwanza tangu nipewe ofisi.

Nilichokielewa ni hiki, na nyinyi mtakikuta vitabuni kwa maneno marefu zaidi. Karakana yetu haikuwa na mwendo wa cherehani tisa. Ilikuwa na mwendo wa Saidi. Ukitaka shati la arobaini na moja, usimkoholee mkataji, nenda kwa Saidi ukaulize kwa nini mashine yake imesimama. Nikaenda, nikakaa naye siku nzima na kijikaratasi. Ilisimama akienda kula. Ilisimama akitafuta mafuta ya cherehani. Ilisimama akibadilisha rangi ya uzi mara sita kwa siku kwa sababu mimi nilimpelekea mashati meupe, kisha ya bluu, kisha meupe tena. Nikamfundisha dada Somoe, fundi wetu hodari, aishike mashine hiyo Saidi anapokwenda kula. Mafuta yakawa yanatiwa asubuhi kabla ya kazi. Mashati meupe yakapita yote kwanza, bluu baadaye. Bila kununua hata sindano mpya, tukafika sitini.

Jambo la mwisho ndilo la maana kwa kisa changu. Niligundua kwamba Saidi alikuwa anatoboa matundu kwenye mashati ambayo baadaye yalirudishwa kwa kushonwa vibaya. Shati bovu likishatobolewa limekula muda wa mashine ambao haurudi. Kwa hiyo nikaihamisha meza ya ukaguzi, ambayo siku zote ilikuwa mwisho kabisa karibu na pasi, nikaiweka kabla ya Saidi. Na kwenye meza hiyo akakaa Mama Kresi.

Mama Kresi ni Mngoni, jina lake kamili Kresensia. Aliletwa huku na mumewe, mume akafariki, yeye akabaki akasema barabara ya kurudi Songea ni mbovu kuliko Wamwera. Alikuwa na jicho ambalo sijaliona kwa mtu mwingine. Alilishika shati kwenye mabega, akalikung'uta mara moja, akajua. Lakini jicho pekee halikuwa siri yake. Siri yake ilikuwa mdomo.

Nasikia siku hizi mnalelewa na simu, kwa hiyo nieleze. Utani wetu na Wangoni si mzaha wa kujitungia. Mababu walipigana, wakachoka, wakapatana, wakaachiana ruhusa ya kusemana. Mtani anaweza kukwambia hadharani jambo ambalo ndugu yako hathubutu kukwambia chumbani, na ukinuna, mwenye kosa ni wewe. Hata msibani, watu wote wakiwa wameinamisha vichwa, mtani ndiye anayeingia na fimbo ya marehemu akaiga alivyokuwa anachechemea, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado yanawatoka. Na karibu mafundi wetu wote walikuwa Wamwera na Wayao, watani wake kutoka kona hadi kona.

Basi Mama Kresi alikuwa analiinua shati juu watu wote walione.

"Hili limeshonwa na Mmwera aliyekuwa anakimbia! Somoe, babu yangu bado anawafukuza?"

"Babu yako alikuja huku amevaa ngozi ya mbuzi," Somoe anajibu bila kuinua kichwa. "Alipoona kifungo akadhani dawa, akakimeza."

"Na bado alikuwa na mshono ulionyooka kuliko huu. Chukua shati lako, hata ng'ombe ataona haya kulivaa."

Karakana nzima inacheka. Saidi anapiga meza. Na Somoe, huku akicheka, ameshalipokea shati, ameshauona mshono uliopinda, wembe uko mkononi anafumua. Kwa dakika mbili kosa limejulikana, limerudi kwa mwenyewe, limerekebishwa, na kila aliyesikia ameutazama mshono wake. Hakuna aliyenuna. Mimi mwenyewe nilisemwa pale kuhusu tumbo langu, kuhusu mwandiko wangu, kuhusu kofia yangu. Niliona ni kelele za kazini tu. Sikujua kwamba nilikuwa nasikia mtambo wenyewe ukifanya kazi.

Niwape na lile la chati, ile michoro niliyoitaja mwanzoni. Sare zinatakiwa Januari shule zikifunguliwa. Maana yake zinashonwa Oktoba mpaka Desemba. Nikachora ratiba, rangi tatu, kila fundi na siku zake. Oktoba ikaingia, nikafika asubuhi nikawakuta watu wanne. Wengine wote walikuwa mashambani kwao wanaokota korosho. Nikamfuata Somoe mpaka shambani.

"Dada Somoe, chati si unaiona ukutani?"

"Naiona, bosi, imependeza sana," akasema ameinama anaokota. "Ila korosho hazijaiona."

Mwaka uliofuata nikaanza na kalenda yao. Julai na Agosti, ufuta ukiwa umeshatoka shambani na mikono ipo, tukashona kola na mifuko tu. Kola ya shule hii na kola ya shule ile hazitofautiani sana, na hata kama shule haijaleta idadi yake, kola utaitumia tu. Tukazifunga kumi kumi, tukaziweka kwenye makasha. Oktoba, watu wanne waliobaki walikuwa na nusu ya kazi tayari imekwisha. Kumbukeni hilo mkifungua karakana zenu: fanyeni mapema kile ambacho hakitabadilika, kinachobadilika kicheleweshwe mpaka mteja aseme.

Haya, tuje kwenye aibu.

Ruangwa ilijengwa shule mpya ya bweni ya wasichana, na wakatuletea kazi ya mashati meupe mia tatu ya mikono mirefu. Hatukuwahi kupata kazi kubwa namna hiyo kutoka shule moja. Hajati aliniita akanikalisha.

"Rashidi, nisikilize. Majora ya vitambaa yanazidi kupanda, na watu wanaletewa sare zilizoshonwa tayari kutoka Dar. Kazi hii ikitoka vizuri, shule nyingine zitatufuata na karakana itaishi. Ikiharibika, nauza cherehani zote nafungua duka la mabati. Ruangwa watu wanajenga siku hizi, mabati yananunuliwa."

"Na mafundi, Hajati?"

"Ndiyo nakwambia isiharibike."

Nililala na maneno hayo. Wiki hiyohiyo nikapelekwa semina ya siku mbili kulekule Ruangwa. Mkufunzi alikuwa mzuri, sina la kumlaumu. Alisema kazini pawe na staha, matusi ni mwiko, na makosa yawekwe kwenye kumbukumbu. Yote kweli. Mimi ndiye niliyechukua utani wa Mama Kresi nikautia kwenye kapu moja na matusi. Kwa kazi kubwa namna hii, nikajiambia, lazima tufanane na viwanda vya maana.

Nikarudi na fomu. Ilikuwa na visanduku: kola, mishono, mfuko, usafi, na chini pameandikwa maoni. Jina la fundi juu, sahihi ya mkaguzi chini. Juu ya mlango nikabandika tangazo kwamba kuanzia siku hiyo utani ni marufuku katika eneo la kazi.

Mama Kresi alilisoma tangazo taratibu, kidole kikifuata mstari.

"Na wewe umejitoa?" akaniuliza.

"Kwenye nini?"

"Kwenye utani."

"Kazini tu, Mama Kresi. Nje tutaendelea kama kawaida."

"Sawa, Msimamizi."

Hakuwahi kuniita Msimamizi hata siku moja. Nilifurahi. Mjinga mimi, nilidhani nimepandishwa cheo.

Fomu ya kwanza ilikwenda kwa Somoe: mishono, hafifu. Aliikunja akaitia kwenye pochi. Kesho yake asubuhi mumewe alikuja, amevaa kanzu na kofia, akaomba kuonana na Hajati.

"Mke wangu ameandikwa," akasema. "Nimekuja kujua amefanya kosa gani mpaka aandikwe."

Hajati akanitazama. Mimi nikaanza kueleza kuhusu kumbukumbu na takwimu, na mzee wa watu ananisikiliza kwa adabu, lakini nilimwona haelewi, na kwa kweli mimi ndiye nilikuwa sielewi. Kwetu karatasi yenye jina lako na kosa lako ni ya baraza la kata au ya polisi. Kuambiwa babu yako alikimbia vita hakumkoseshi mtu usingizi. Kuandikwa hafifu kulimfanya Somoe ashindwe kula.

Baada ya hapo watu wakajihami. Mama Kresi akienda kunywa chai, mashati yalirushwa moja kwa moja kwa Saidi. Yeye naye akawa haongei. Alikung'uta, akatazama, akaandika nzuri. Nzuri, nzuri, nzuri, fomu hadi fomu. Nikazikusanya nikampelekea Hajati.

"Hajati, makosa yamekwisha kabisa."

"Makosa yamekwisha, au yameacha kuandikwa?"

Nilicheka nikidhani anatania. Wakati ule hakuna aliyekuwa anatania pale zaidi ya Hajati, naye hakuwa anatania.

Kisha mkataji wetu akafiwa, akaenda kuzika kijijini Malolo. Siku zilikuwa zimebana, shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu ya wiki iliyofuata, nikasema nitakata mwenyewe, mimi ni fundi tangu utotoni. Sasa sikilizeni hapa, wale mtakaoshika mkasi. Unapopanga tabaka nyingi za kitambaa ukakata mara moja, tabaka za chini huteleza kidogo, zinatoka fupi kuliko za juu. Ndiyo maana kila kipande huandikwa namba ya tabaka yake kwa chaki, mkono wa kulia wa tabaka ya tano ukutane na mkono wa kushoto wa tabaka ya tano, wote wawe na urefu mmoja. Ni kazi ya kuchosha. Mimi nilikuwa na haraka, na tabaka nilizipanga nene. Namba sikuandika.

Mashati yakashonwa, yakatobolewa, yakapigwa pasi. Alhamisi adhuhuri nilianza kuyakunja niyafunge. La kwanza nilipolivuta mikono nyuma, mmoja ulimpita mwenzake kwa vidole viwili. Nikasema bahati mbaya. La pili lilikuwa sawa. La tatu vidole viwili. La nne vidole viwili na nusu. Nilifungua marundo kama mtu aliyepoteza funguo, na nilipofika katikati nikaacha, maana zaidi ya nusu yalikuwa hivyohivyo.

 Niliona duka la mabati limeshafunguliwa, na Somoe na Saidi na wenzao wako nje wanatazama.

Nilikwenda kwa Mama Kresi na shati mkononi.

"Uliliona hili?"

"Niliona tangu Jumatatu."

"Jumatatu! Kwa nini hukusema?"

"Fomu haina kisanduku cha mikono."

"Ina sehemu ya maoni, Mama Kresi!"

Akaweka kalamu mezani. "Aliyekata ni wewe. Nikuandike wewe kwenye karatasi, halafu karatasi nimpe nani? Nikupe wewe?" Alikuwa anaongea polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo ilinimaliza. "Zamani ningesimama hapa nikasema, njooni muone, Mmwera amekata mashati ya watu wenye mkono mmoja wa kuombea na mmoja wa kukimbilia. Wangecheka, ungekuja kutazama unacheka, na ingekuwa bado Jumatatu. Lakini umesema marufuku, Msimamizi. Mimi ni mtu mzima, nikiambiwa nyamaza, nanyamaza."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kosa la kukata lingeweza kumpata fundi yeyote. Hili la pili lilikuwa langu peke yangu: nilikuwa nimemziba mdomo mtu mmoja tu ambaye angeweza kuniambia.

Nilirudi ofisini, nikavua shati langu, nikavaa moja la wasichana, lile la mikono miwili isiyojuana. Lilinibana tumboni mpaka vifungo vitatu vikakataa kabisa. Nikalibandua tangazo mlangoni, nikaenda kusimama katikati ya karakana. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Saidi akasema kwa sauti ya chini, "Duh, bosi, hii noma."

"Mama Kresi," nikasema, "naomba unikague."

Akainuka. Akanizunguka mara moja, hana haraka, akavuta mkono mmoja, akavuta wa pili. Nilisubiri. Nawaambia kweli, kama angeniita tena Msimamizi ningelia mbele yao.

"Jamani," akasema, "nani amelivalisha gunia la korosho sare ya shule?"

Walicheka mpaka Somoe akajishikilia kwenye cherehani. Mama Kresi aliendelea, na alikuwa na wiki sita za maneno tumboni. Alianza na babu yangu, akaja kwa mjomba aliyenifundisha kukata, akauliza kama alikuwa kipofu wa macho yote au wa jicho moja, akamaliza kwa kunitoza faini ya jogoo kwa kuvunja utani bila ruhusa ya wazee. Jogoo nilimtoa kabla ya jua kuzama, mkubwa, mwenye kilemba chekundu, na sikubishana.

Hajati alifika akatukuta bado tunafuta machozi. Nilimweleza yote bila kuficha, nikiwa bado kwenye shati lile. Aliuliza swali moja.

"Siku tatu. Inawezekana?"

Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria kukata mikono mipya, na kitambaa cha kutosha hakikuwepo, kingetoka Lindi kupitia Nanganga, nani ajue lini. Mama Kresi ndiye aliyejibu. Alikuwa ametandaza mashati mezani.

"Mikono yote ni mizima, Hajati. Hakuna mbovu hata mmoja. Imepotezana na ndugu zake tu. Fumua mkono mmoja kwa kila shati, panga mirefu huku, mifupi huku, kila mmoja umrudishe kwa mwenzake. Shati likiwa na mikono miwili iliyopungua vidole viwili si kosa, atavaa msichana mfupi."

Nikauliza kile nilichojifunza kwa kuku: safari hii shati litakwama wapi? Si kwa Saidi, matundu yalikwishatobolewa. Litakwama kwenye kufumua. Mshono mzuri unafumuka polepole, na ukiharakisha wembe unakula kitambaa. Kwa hiyo cherehani sita tukazizima, tukabakiza tatu, watu wote waliobaki wakapewa wembe. Saidi alikaa chini na wembe wake akisema mashine yake imepata likizo ya uzazi. Mpiga pasi alifumua. Hajati mwenyewe alivaa miwani, akavuta kigoda, akafumua, na kila baada ya muda alilalamika kwamba mshono wa Somoe ni mgumu kufumua, na Somoe alijibu kwamba kwenye fomu uliandikwa hafifu.

Mama Kresi alichora mistari miwili ya chaki ukingoni mwa meza, mrefu na mfupi. Kila mkono ulilazwa pale. "Huyu mrefu! Huyu mfupi kama akili za Rashidi! Huyu mrefu!" Ijumaa tulipumzika kwa sala tukarudi. Jumamosi jioni yalibaki mashati sabini. Jumapili saa kumi shati la mwisho lilipita chaki, na Mama Kresi alilikung'uta, akalitazama, akalikunja bila neno. Kwa utani wake, kukosa neno ndiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote.

Jumatatu asubuhi tulipeleka mzigo Ruangwa kwa pikapu, mimi na Mama Kresi. Mwalimu mkuu alikuwa mama mmoja mkimya, mwenye rula mkononi. Aliokota shati kutoka katikati ya furushi, siyo la juu, akalikunja akavuta mikono nyuma. Ikalingana. Akaokota jingine, na jingine. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu. Alipofika la nane akasema, "Mna mkaguzi mzuri," akatia sahihi, akatuuliza kama tunaweza kushona na sketi za mwaka ujao. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Nilijizuia nisimkumbatie.

Tulipokuwa njiani tunarudi, Mama Kresi alikuwa anatazama mikorosho inavyopita. Kisha akasema, bila kugeuka, "Nilikuwa nimeandika barua ya kuacha kazi. Nilitaka nikupe Ijumaa."

"Kwa ajili ya fomu?"

"Fomu ni karatasi tu. Nimezika mume hapa, Rashidi. Sina ndugu hapa. Nina watani. Wewe ukanitoa kwenye utani, nikawa mgeni. Kila asubuhi nilikuwa nakaa pale mezani nikijiona mgeni."

 Niliumia sana, na hadi leo nikikumbuka naumia. Nikasema tu, "Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu jogoo," akasema. "Endesha, Mmwera, mbona unakwenda taratibu, leo hakuna anayekufukuza."

Karakana ilibaki, duka la mabati halikufunguliwa, na Hajati aliongeza mashine ya pili ya matundu. Makosa tuliendelea kuyaweka kwenye kumbukumbu, kwa chaki ubaoni, bila jina la mtu, baada ya utani na siyo badala yake. Nimesikia nyinyi mnafundishwa kwamba msimamizi aanze siku yake kwa kusoma taarifa za jana. Someni. Mimi, kuanzia Jumanne ile mpaka siku niliyokabidhi kazi, nilikwenda kwanza mezani kwa Mama Kresi, nikavua kofia, nikasimama mbele yake mpaka amalize kunisema, ndipo nikatoa funguo nikaenda kufungua ofisi.